Mkono Unaojua Uende Wapi?

MWALIMU: Dada, nafasi imetangazwa, na kila aliyeulizwa nani anaifaa amelitaja jina lako. Chuo kinatafuta mtu wa kufundisha fiziotherapia ya afya ya nyonga. Somo hilo mimi na wewe tulilipata kwa mihadhara michache, tukachora mifupa na misuli, kisha tukaambiwa mengine tutayakuta kazini. Tuliyakuta kweli, ila kwa kuchelewa, na waliotusubiri tujifunze walikuwa wagonjwa. Leo nasikia unasita. Kwa nini?

MFIZIOTHERAPIA: Nitakuambia, lakini kwanza nijibu swali ambalo hujalijibu tangu uhamie chuoni. Ulipoondoka hospitalini, wagonjwa wako walikwenda kwa nani?

MWALIMU: Walikuja kwako. Baadhi yao.

MFIZIOTHERAPIA: Baadhi yao. Wengine walifika wakakuta mlango umefungwa, wakarudi nyumbani. Chumba chako kikafanywa stoo ya magongo na viti vya magurudumu. Mmoja nilimpata baadaye sana. Alikuwa ameacha kwenda kanisani kwa sababu kusimama na kuimba kulimfanya avuje mkojo. Ulikuwa umemfikisha katikati ya mazoezi, na hapo katikati ndipo ulipomwacha. Tunapoizungumzia kazi ya ualimu, naomba huyo mama awe mbele yetu.

MWALIMU: Awe mbele, sina pingamizi. Lakini mtazame vizuri. Hakuachwa kwa sababu nilikwenda kufundisha. Aliachwa kwa sababu katika hospitali nzima hapakuwa na mwingine aliyejua nilichokuwa nafanya. Ningeugua, ningehamishwa, ningekwenda likizo ya uzazi, matokeo yangekuwa yale yale. Wewe leo uko peke yako vile vile. Siku ukianguka, chumba chako nacho kitapokea magongo.

MFIZIOTHERAPIA: Kwa hiyo dawa ya upungufu wa watu ni kuwapunguza waliopo?

MWALIMU: Dawa ni kuwazalisha, na wewe ndiye unayeweza.

MFIZIOTHERAPIA: Sina hakika kama kazi hii inazalishwa darasani. Arnold Kegel, daktari wa Marekani ambaye mazoezi haya ya kubana misuli ya sakafu ya nyonga yanaitwa kwa jina lake, alipoandika makala yake mwaka 1948 hakuwa anatangaza kipeperushi. Alimpima mwanamke kwa kidole, akamwonyesha msuli ulipo, kisha akampa kifaa cha kupima shinikizo ili aone kwa macho yake kama anabana au habani. Waliofuata wakaacha kidole, wakaacha na kifaa, wakabaki na sentensi moja: bana kama unazuia mkojo. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake wakawapima wanawake 47 waliopewa maelezo mafupi ya mdomo tu. Karibu nusu ndio waliobana inavyotakiwa. Robo yao walikuwa wanafanya jambo linaloweza kuwazidishia tatizo. Mimi hao nawaona kila wiki. Anasukuma chini badala ya kuvuta juu. Anazuia pumzi. Anakaza makalio na mapaja. Ukimtazama usoni unaona mtu anayejitahidi kwa moyo wote, na ukimpima unakuta sakafu ya nyonga inashuka kila anapojitahidi. Hilo nililielewa kwa mkono, mgonjwa baada ya mgonjwa. Slaidi gani italibeba?

MWALIMU: Hakuna slaidi. Lakini hao 47 umewaleta wewe, na mimi nawachukua. Wanathibitisha kwamba maelezo ya juu juu hayatoshi na kwamba kila mwanamke anahitaji mtu aliyefunzwa wa kumpima na kumsahihisha. Sasa niambie aliyefunzwa anatoka wapi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yaliwaangalia wanawake wanaovuja mkojo wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua mzigo. Kwa waliofanya mazoezi ya sakafu ya nyonga, 56 katika kila 100 walisema wamepona. Kwa wasiopewa tiba, 6. Dada, ni tiba chache sana tulizo nazo zenye tofauti kubwa hivyo, na hii haihitaji mtambo wala kidonge. Inahitaji mtu anayejua na mgonjwa wa kurudi kwake kwa miezi mitatu. Wewe unaweza kuwahudumia wangapi kwa miezi mitatu mitatu mpaka ustaafu? Mwanafunzi mmoja uliyemfundisha vizuri anaongeza idadi hiyo maradufu, na darasa litakuwa na zaidi ya mmoja.

MKUNGA: Niruhusuni niingie, maana mnagombania mtu mmoja na mimi nina wodi nzima. Mama anajifungua, msamba umechanika, namshona, kesho yake anaruhusiwa. Anarudi wiki ya sita. Mtoto anapimwa uzito na kupewa chanjo. Mama anaulizwa habari za uzazi wa mpango. Hakuna sehemu kwenye kadi inayomuuliza kama anaweza kuzuia mkojo, sembuse upepo au haja kubwa. Na yeye hatasema. Mama yake na shangazi zake walishamwambia kwamba ndivyo uzazi ulivyo, akavumilia kama wao. Anakuja kwenu baada ya miaka kumi, kizazi kimeshuka, ndoa imeyumba. Kule Ufaransa mama akishajifungua anaandikiwa mafunzo ya kurudisha nguvu ya msamba na bima ya taifa inalipa. Wanaoyatoa ni wafiziotherapia, na wakunga pia. Wakunga, mmesikia? Nyie mnabishana kuhusu shahada ya chuo kikuu wakati mimi niko naye tangu uchungu unapoanza.

MFIZIOTHERAPIA: Dada mkunga, hapo ndipo ninapoogopa. Ujumbe utakaowafikia wakunga utakuwa ule wa vipeperushi, kwamba kila mwanamke abane. Na si kila mwanamke anatakiwa kubana. Yupo ambaye misuli yake imekaza na haijui kulegea. Tendo la ndoa linamuuma. Choo kinamsumbua. Mkojo anakaa anausubiri uanze. Wengine walikeketwa, wengine walibakwa, wengine mshono wa msamba ulipona vibaya. Na huyu naye anaweza kuvuja, kwa hiyo ukimsikiliza kwa haraka utadhani misuli imelegea. Ukimwambia abane mara nane, asubuhi, mchana na jioni, umemwongezea maumivu. Huyo anaanza kwa kujifunza kuachia, kupumua mpaka tumbo lilegee, na kubana kunakuja baadaye sana kama kutahitajika.

MKUNGA: Umemaliza?

MFIZIOTHERAPIA: Nimemaliza.

MKUNGA: Miaka yote niliyokaa leba sijawahi kuambiwa jambo hilo. Umeniambia sasa hivi, hapa tulipokaa, nikalielewa. Kisha unasema ualimu si kazi yako.

MFIZIOTHERAPIA: Nimekuambia kwamba lipo. Sijakufundisha kulitambua, na kati ya hayo mawili kuna safari ndefu.

MKUNGA: Basi nianzishe safari! Unanikataza kwa sababu nitakosea, na nitaendelea kukosea kwa sababu umenikataza.

MGONJWA: Nimekaa kimya nikisikia mkono, kidole, kupima, kufundisha. Mwili mnaoufundishia ni wangu, kwa hiyo nami niseme. Kabla sijamjua huyu daktari wangu nilikwenda hospitali nyingine. Nililazwa kitandani, nguo nimeshavua, pazia likafunguliwa, wakaingia vijana wenye makoti meupe wakasimama miguuni pangu. Hakuna aliyenisalimu. Mkubwa wao aliwaeleza habari zangu kana kwamba mimi sipo, kisha akawaita wasogee mmoja mmoja. Sikusema kitu. Nilitazama dari mpaka wakamaliza, nikavaa, nikaondoka, na sikurudi kule tena. Nikaendelea kuvuja, nikaona heri kuvuja. Wale nao walikuwa wanafundishwa. Kwa hiyo mnaposema wanafunzi waongezeke, nauliza: waongezeke juu ya nani?

MWALIMU: Mama, nisamehe kwa niaba ya taaluma hii. Jambo ulilofanyiwa ni kosa.

MGONJWA: Sitafuti kuombwa samahani, mwanangu. Nataka kujua unawafundishaje wako. Huyu hapa alizungumza nami nikiwa nimevaa nguo zangu zote. Akanionyesha picha, akanieleza atagusa wapi na kwa nini, akaniambia neno langu moja linatosha kumsimamisha. Nikalisema siku ile ile ya kwanza, kumjaribu. Akasimama. Hakununa, hakunihimiza. Safari iliyofuata nilikubali. Je, hilo liko kwenye mtihani wako?

MWALIMU: Liko, na ndilo la kwanza. Mwanafunzi anayegusa kabla ya kupata ridhaa anafeli hapo hapo, hata kama alama ya nguvu ya misuli aliyoitaja ni sahihi. Tunatumia kipimo cha Oxford kilichorekebishwa, kuanzia 0 mpaka 5, na nawaambia kwamba 5 iliyopatikana kwa kumlazimisha mtu ni 0 ya mpimaji. Kabla hawajamkaribia mgonjwa wanafanya mazoezi ya maneno. Wanauliza kuhusu mkojo, choo na tendo la ndoa kwa Kiswahili ambacho bibi wa kijijini atakielewa asione ametukanwa. Usidhani ni rahisi. Wapo wanaojua jina la Kilatini la kila msuli na hawawezi kumuuliza mama yao mdogo kama analowa. Kisha tunatumia mfano wa nyonga. Kisha wanajifunza kutazama msamba ukipanda au ukishuka bila kuingiza kidole. Palipo na mashine ya altrasaundi, inawekwa juu ya tumbo na mgonjwa mwenyewe anaona kwenye skrini sehemu ya chini ya kibofu ikinyanyuka anapobana vizuri. Uchunguzi wa ndani unakuja mwisho, kwa mgonjwa aliyeulizwa siku kabla, mwanafunzi mmoja tu, mimi nikiwa pembeni. Marekani, kwenye kozi nyingi za wahitimu, washiriki wanapimana wao kwa wao. Mimi simlazimishi mtu hilo. Darasa la watu watakaofanya kazi pamoja maisha yao yote, na wengine ni ndugu wa ukoo mmoja, lina haki ya kukataa.

MWANAFUNZI: Shikamooni. Naomba niseme kidogo. Mimi ni mvulana. Likifika somo hili tunaambiwa wavulana tunaweza kutoka, na wengi tunatoka kwa furaha. Nilipokuwa wodini kwa mafunzo ya vitendo, mzee mmoja alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa tezi dume. Mpira wa mkojo ulipotolewa akaanza kuvuja. Alinishika mkono akaniuliza afanye nini, kwa sababu muuguzi alikuwa binti wa umri wa mjukuu wake na aliona haya. Sikuwa na jibu. Misuli ile ile anayo na yeye. Nani atanifundisha mimi?

MFIZIOTHERAPIA: Mwanangu, umeuliza vizuri kuliko sisi. Njoo kliniki kwangu.

MWALIMU: Umeona? Umeshamkubali mwanafunzi.

MFIZIOTHERAPIA: Nimemkubali kliniki kwangu. Tofauti yetu iko hapo. Sikatai kufundisha, nakataa kuondoka. Mtazame Mamitu Gashe wa Ethiopia. Alifikishwa Addis Ababa akiwa msichana, ana fistula, tundu linalovujisha mkojo, baada ya uchungu wa siku nyingi, hajui kusoma wala kuandika. Madaktari Reginald na Catherine Hamlin wakamtibu. Akabaki pale akitandika vitanda, kisha akawa anasaidia chumba cha upasuaji, kisha akashika kisu mwenyewe, mpaka madaktari wenye shahada zao wakawa wanakuja kujifunza kwake kuziba fistula. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza kikampa medali ya dhahabu pamoja na hao waliomfunza. Huyo alikuwa mwalimu wa kweli, na hakuiacha meza ya upasuaji hata siku moja ili awe mwalimu.

MWALIMU: Ni kweli, nami namheshimu sana. Lakini malizia habari ya nyumba ile. Baada ya miongo yote ya kuziba fistula moja baada ya nyingine, mwaka 2007 hospitali ya hao Hamlin ilifungua chuo cha wakunga. Inachukua mabinti wa vijijini, inawasomesha, wanarudi kufanya kazi vijijini. Waliona kwamba mikono hodari iliyokaa Addis Ababa haitamfikia mwanamke aliye kwenye uchungu kwa siku ya tatu huko milimani.

MKUNGA: Chuo cha wakunga. Narudia kwa wasiosikia.

MFIZIOTHERAPIA: Hospitali haikufungwa ili chuo kifunguliwe. Na wewe nijibu hili. Chuo chako kingemwajiri Mamitu?

MWALIMU: Hapana. Mhadhiri anatakiwa awe na shahada ya uzamili.

MFIZIOTHERAPIA: Kwa hiyo mnamchukua kijana aliyemaliza na alama za juu, mnampeleka kusoma uzamili, anarudi kufundisha kupima misuli ambayo ameipima kwa wagonjwa wachache kuliko vidole vyake. Na mwenye diploma aliyeshika kazi miaka ishirini anaitwa siku moja kwa mwaka kama mgeni, anapewa chai na posho, anaondoka. Hapo ndipo ninapoona taaluma inajiumiza. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho kufuatilia mgonjwa mmoja tangu siku ya kwanza mpaka amepona, bila wanafunzi pembeni, ilikuwa lini?

MWALIMU: Tangu nimehamia, sijapata. Naona wagonjwa nikiwa na wanafunzi, na kipindi cha mitihani siwaoni kabisa. Kuna vikao, kuna kusahihisha, kuna tasnifu za kusimamia.

MFIZIOTHERAPIA: Na mkono unasahau. Si majina ya misuli, hayo hutayasahau. Unasahau jinsi misuli inavyochoka katika sekunde ya sita. Unasahau mgonjwa anayesema hajambo huku mguu wake umekakamaa. Baada ya miaka mitano utakuwa unafundisha kumbukumbu zako.

MWALIMU: Hofu hiyo ninayo, sikufichi. Lakini nina nyingine inayonisumbua zaidi. Fikiria mwanamke wa fistula anayeletwa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Kwake mambo mengi yameshafikiriwa. Balozi wa hospitali anamtafuta kijijini, nauli inatumwa kwa M-Pesa, upasuaji haumgharimu. Tundu linazibwa. Baadhi yao, tundu likiwa limezibwa kabisa, bado wanavuja, kwa sababu mlango wa kibofu ulidhoofika siku zile za uchungu. Wengine neva zilibanwa, unyayo haunyanyuki, wanauburuta wanapotembea. Hapo mpasuaji amemaliza kazi yake na yetu ndiyo inaanza. Mwanamke huyo anafundishwa mazoezi kabla hajaruhusiwa, halafu anapanda basi kurudi Kigoma, Mtwara, Singida. Hospitali ya wilaya huko ina mfiziotherapia mmoja, ikibahatika. Na yule mmoja anajua viharusi, migongo na mifupa iliyovunjika, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomfundisha. Mama akifika kwake, anapigwa picha ya mgongo. Huyo mfiziotherapia wa wilaya hatakuja kliniki kwako, dada. Alipita chuoni kwangu miaka minne, na katika miaka hiyo hakukutana na mtu kama wewe.

MFIZIOTHERAPIA: ...Hapo umenigusa.

MWALIMU: Usiguswe tu. Njoo.

MFIZIOTHERAPIA: Nisikilize. Nikija kama wewe ulivyokuja, tutakuwa walimu wawili na vyumba viwili vya magongo. Siji hivyo. Nataka siku za kliniki zangu ziandikwe ndani ya mkataba, zihesabike kama kazi ya chuo, zisiwe kitu ninachokiiba kati ya vikao. Nataka wanafunzi waje kule, wawili wawili, wamfuate mgonjwa yule yule kwa miezi mitatu, waone anavyokata tamaa wiki ya nne na anavyorudi wiki ya saba. Na hospitali itoe mtu mmoja wa kukaa nami mwaka mzima kabla sijapunguza saa hata moja.

MKUNGA: Na wakunga?

MFIZIOTHERAPIA: Wakunga waje. Lakini waanze na kusikiliza na kuuliza, na kumtambua wa kumpeleka mbele. Kupima ndani baadaye.

MKUNGA: Baadaye lini? Neno hilo tunalijua sana sisi.

MFIZIOTHERAPIA: Nikishawaona wakiuliza.

MGONJWA: Na mimi nina langu. Nikikubali kijana ajifunze kwangu, awe huyo huyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Nisiletewe sura mpya kila wiki nianze kuvua aibu upya. Na siku nikikataa, nitibiwe vile vile, foleni ile ile, uso ule ule.

MWALIMU: Hilo naweza kulisaini leo.

MFIZIOTHERAPIA: Na langu la mkataba?

MWALIMU: Mkataba wa namna hiyo haujawahi kuandikwa chuoni kwetu. Mwalimu ni wa chuo, na tabibu ni wa wizara au wa hospitali. Mishahara tofauti, mabosi tofauti, fomu tofauti za tathmini. Nitaambiwa haiwezekani kabla sijamaliza sentensi.

MFIZIOTHERAPIA: Umeacha wagonjwa ili ujenge taaluma. Basi kazi yako ya kwanza ni hiyo. Nenda kaandike huo mkataba, uwapeleke chuo na hospitali wakae meza moja. Mimi Jumatatu nina kliniki. Mwambie kijana afike saa mbili asubuhi, na yule mzee wa tezi dume, kama bado anavuja, aje naye.